Mvinyo ya Soave: ya kawaida, Classico au Superiore, ipi inalipa?

Chumvini: Wakuu habarini, niko Verona, Italia, mwaka wa pili sasa, mwenye nyumba wangu kanialika chakula Jumapili nikaona nisiende mikono mitupu. Supamaketi nakuta Soave tatu, ya kawaida yuro 4, Classico 9, Superiore 13. Zote nyeupe, zote Soave. Kuna tofauti au ndo napigwa?

Babu_Kizibo: Hupigwi mkuu. Zote lazima zabibu ya Garganega isipungue asilimia 70, mara nyingi inajaziwa na Trebbiano di Soave au Chardonnay. Classico ni vile vilima vya zamani tu, vya mji wenyewe wa Soave na wa Monteforte d'Alpone, udongo mwingi wa volkano. Ya kawaida inatoka mpaka huko tambarare na ruksa ni tani 15 za zabibu kwa hekta, sasa mzabibu ukibebeshwa mzigo huo si unakupa maji tu. Superiore mwisho tani 10, kilevi kianzie asilimia 12, na ina daraja la DOCG tangu 2001, ngazi ya juu kabisa ya sheria zao.

Chumvini: Basi Superiore, nimemaliza.

kibarua_wa_zabibu: Ngoja kwanza. Mimi nimevuna Monteforte misimu miwili, mizabibu imetandazwa juu kama dari, wanaita pergola, unakata mikono iko juu siku nzima majimaji ya zabibu yanakuteremkia mpaka kwapani na nyigu hao nyuma yako. Bosi wetu ana kilima kizuri hatari ila kwenye lebo anaandika Classico tu, Superiore hataki hata kuisikia. Na hata wale wazalishaji Pieropan, mvinyo zao za Calvarino na La Rocca ni Classico na zinaziacha mbali Superiore kibao.

MamaNdimu: Mie hizo tani siziwezi 😅 ya yuro 4 naipikia kome. Classico nilinywea samaki wa kupaka, ule uchungu kwa mbali kama wa lozi unakata tui vizuri ajabu. Ila msiiweke friza jamani, harufu yote inakufa.

Babu_Kizibo: Kibarua nimekuelewa, nilisifia makaratasi. Sasa yeye hawajui wazalishaji, achagueje?

kibarua_wa_zabibu: Asome lebo vizuri, mbele na nyuma. Tangu 2019 kuna majina 33 ya maeneo yanayoruhusiwa kuandikwa, Foscarino kwa mfano. Akiliona hilo achukue.

Chumvini: Mrejesho: nilipata Classico ya Foscarino yuro 11. Mzee kaipokea, kaigeuza, kasoma lebo yote na mimi bado nimesimama mlangoni 😂