Mafundi wa mtandao Kigoma, acheni kutuuzia waya wa aluminiamu kwa bei ya shaba!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Ofisi yetu ni ndogo, ipo hapa Mwanga, tunashughulikia mizigo inayopita bandarini kwenda Kalemie na Bujumbura. Seva mbili, kompyuta chache, printa, basi. Tangu fundi atufungie mtandao, unakatakata kila siku. Karani yuko katikati ya nyaraka, programu inaganda, alichoandika kinapotea, na mwenye mzigo amesimama dirishani anasubiri.

Ukimpigia fundi, jibu ni lilelile: "Bosi, intaneti ya huku ndiyo mbovu, zima ruta uwashe."

Hapo ndipo anaponichefua. Programu yetu iko kwenye seva chumba cha pili! Intaneti ikizima Kigoma nzima, karani bado anatakiwa kuifikia. Na kulijua hilo hakuhitaji kifaa chochote cha bei: kaa kwenye kompyuta ya karani, piga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kinajibu) tatu kwa pamoja, ya seva, ya ruta na ya 8.8.8.8 (anwani ya Google, huko nje kwenye intaneti). Ikikata ya 8.8.8.8 peke yake, kawasumbue watoa huduma. Kwetu ruta ilijibu vizuri, ya nje ilijibu vizuri, iliyokata ni ya seva. Tatizo liko kati ya swichi (kiboksi kinachounganisha waya za kompyuta zote) na seva, fundi unaenda kutafuta nini kwenye ruta?

Tukaangalia kadi ya mtandao ya seva. Makosa ya CRC (data inayofika imeharibika njiani) yanapanda tu, kasi inashuka kutoka Mbps 1000 hadi 100, halafu inapotea kabisa. Kasi ya 1000 inataka nyuzi zote nane za kebo, ya 100 inatosheka na nne, kwa hiyo uzi mmoja ukianza kuachia unaiona hapohapo. Ukiupinda ule waya kidogo karibu na plagi, seva inapotea.

Nikakata kipande, nikakwangua kwa wembe. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Kwenye ganda wameandika Cat6 (daraja la kebo ya mtandao), kwenye risiti wameandika shaba tupu, na hela tuliyotoa ni ya shaba tupu. Aluminiamu ikikunjwakunjwa inakatika, na umeme unapita humo kwa shida kuliko kwenye shaba. Wenye kamera zinazopata umeme kupitia waya huohuo ndio muwe waangalifu zaidi, unaweza kupata moto.

Na asije akasingizia umbali. Cat6 inaruhusiwa mita 100, kutoka swichi hadi seva ni ukuta mmoja tu.

Picha nimemtumia, ameziona, kanyamaza. Tunachotaka abadilishe waya wote kwa gharama yake, au arudishe hela.

Mwenye duka la waya wa shaba halisi hapa Kigoma, hata Tabora nitaagiza, ambaye atakubali nikwangue kabla sijalipa, aweke bei hapa chini.