MJADALA: John Cazale kutoteuliwa Oscar hata mara moja, alidhulumiwa au ndo saizi yake?

Wadau, huyu ni yule aliyecheza Fredo kwenye The Godfather. Muvi zake ni 5 tu, 1972 mpaka 1978, zote 5 ziliteuliwa Oscar ya filamu bora na 3 zikabeba. Yeye patupu. Mi nasema alidhulumiwa.

---

Dhuluma ipi mkuu? Kila muvi ana stelingi mkubwa pembeni, mara Pacino, mara Hackman, mara De Niro, hapo hata ukisimama tu utaonekana unajua. Na tuseme ukweli, wengi wanamjua kwa sababu alikuwa mtu wa Meryl Streep, yaani mpenzi wa yule mwigizaji mkubwa, basi.

---

Hapo kwa Meryl umenikera kwelikweli. Wamekutana 1976 jukwaani New York kwenye tamthilia ya Shakespeare, Meryl ndo kwanza anaanza, jamaa ana muvi 4 tayari, sasa nani alimbeba nani? Kansa ya mapafu ilipompata, The Deer Hunter ikabidi sini zake zirekodiwe mwanzo maana muda hana, na huyo dada akawa naye mpaka mwisho. Kafariki Machi 1978 ana miaka 42, muvi haijatoka. Halafu mtu anaandika "basi".

---

Usinilishe maneno, sijamtukana marehemu. Nimeongelea umaarufu.

---

Umeandika "mtu wa Meryl". Rudi juu usome.

---

Na huyo Meryl mnayemfanya kipimo, uteuzi wake wa kwanza Oscar ni hiyohiyo The Deer Hunter, mwigizaji msaidizi. Tuzo yake ya kwanza, Kramer vs. Kramer, msaidizi vilevile. Kwa hiyo tuache kusema "msaidizi" kama tusi.

---

Mi sijui tuzo. Najua ile sini ya The Godfather sehemu ya pili, Fredo kakaa kwenye kiti cha kujilaza, anamlalamikia mdogo wake kwamba aliyerukwa ni yeye, kaka mtu, anataka kuinuka kwa hasira kiti kinamrudisha chini, mikono inarukaruka haina pa kushika. Kaka yangu alirukwa hivyohivyo kwenye mambo ya nyumbani, mimi ndo nikapewa. Siku aliyolipuka alikuwa na mikono hiyohiyo. Niliizima TV nikampigia simu.

---

Pole ndugu yangu, hiyo imenigusa. Lakini bado, wapiga kura wa Oscar hawakuwa vipofu, ushindani ulikuwa mkali.

---

Ushindani na nani? The Godfather ya kwanza ilitoa waigizaji wasaidizi wa kiume 3 kwenye orodha ya walioteuliwa: Caan, Duvall, Pacino. Ya pili ikatoa 3 tena: De Niro aliyebeba, Gazzo na Strasberg. Nafasi 6 kwa familia moja ya Corleone, ile ya kwenye muvi, na watu wake, na Fredo ndo aliyeachwa nje zote mbili. Hilo nijibu wewe uliyesema saizi yake, na Meryl muweke pembeni.

---

Nimekuuliza tangu jana.