Tupeane uzoefu: uliijuaje njia nyembamba ambayo mnyama hana budi kuipita?

Mzawa wa Kibokoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Niliishi miaka tisa katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na huko wenzangu wa kazini walinifundisha kuwinda kulungu wa mkia mweupe. (Kulungu wa huko si huyu wetu wa msituni, ambaye ni jamaa ya swala, tumeazima jina tu.) Hapa Kenya uwindaji wa starehe umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, kwa hiyo simwiti mtu porini na bunduki. Ninachotaka ni tulinganishe ujuzi wa kutambua mahali ambapo ardhi yenyewe humbana mnyama. Aliyewahi kungojea feri ya Likoni alfajiri anaelewa jambo hili bila kufundishwa: watu wametoka Ukunda, Ng'ombeni na Mtongwe, kila mmoja kwa njia yake, lakini wafikapo mteremkoni wote ni msafara mmoja.

Nianze na kosa langu. Msimu wa kwanza nilifunga kiti changu juu ya mti pembezoni mwa shamba la mahindi, kwa kuwa nyayo zilikuwa zimejaa pale kama uwanja wa mnada wa mbuzi. Nilikaa siku tatu katika baridi ya Novemba nisione hata sikio, kwani nyayo zile zote zilikuwa za usiku. Mzee mmoja wa kazini alinihurumia, akatandaza ramani yenye mistari ya miinuko na kunipa penseli nipake rangi kila mahali ambapo kulungu hapendi kupita mchana: ziwa, ukingo wa mawe ulio mkali, shamba lililovunwa likabaki wazi. Kilichosalia bila rangi, kati ya kinamasi na ukingo, kilikuwa ukanda wa miti ambao upana wake haukuzidi hatua arobaini. Tulipoufikia kwa miguu nilikuta njia iliyochimbika, magome yaliyochubuliwa na pembe, na manyoya yaliyonasa kwenye waya wa ua pale ulipolegea.

Novemba ndio wakati ambao madume huhangaika kutafuta majike hata mchana, na kwa sababu hiyo ukanda kama ule hulipa kuliko mahali pa malisho. Katika nchi ya vilima nilijifunza pia kutafuta mahali mgongo wa kilima unapodidimia kati ya vilele viwili, kwa kuwa mnyama naye huchagua mpando mfupi.

Mvuvi wa Tudor

Mwanangu wa Kibokoni, huyo kulungu wako nimemwona kwenye televisheni tu, ila nimeweka nyuzio za kuvulia katika hori la Tudor tangu ujana wangu, na naona tunasema jambo moja. Maji yakijaa, tafi na mikizi huingia mikokoni na kutawanyika. Yakianza kupwa, kila kijito humwagia katika mkono mmoja wa maji, na samaki hurudi kwa mkono huo huo. Mahali hapo hapatambulikani maji yakiwa yamejaa, kwani hori lote hufanana. Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, utembee matopeni uone ni mfereji gani umebaki na maji.

Nami nina kosa langu. Nilijenga uzio katikati ya mlango hasa, nikidhani kwamba palipo finyu zaidi ndipo bora, na mkondo wa bamvua ukauzoa wote, fito na kamba, kabla ya adhuhuri. Marehemu baba hakunigombeza. Alinipeleka ndani kidogo, pale mfereji unapoanza kupanuka na maji kupoa, akachomeka ufito mmoja, akaondoka. Siku za maji mafu hatukuhangaika sana, kwa kuwa maji hayapwi vya kutosha kumlazimisha samaki atoke. Je, kulungu nao wana maji mafu?

Mzawa wa Kibokoni

Shikamoo mzee. Wanayo: siku za joto lisilo la msimu hulala kichakani mpaka jua lizame, na njia yako nzuri hubaki tupu. Hata kosa lako nililirudia. Nilipanda mti uliokuwa katikati ya ule ukanda, na upepo ukanitoka mgongoni kuelekea walikotokea. Jike moja lilisimama kama hatua thelathini, likainua pua, likapiga mguu wa mbele chini mara mbili, kisha likakoroma na kuinua mkia mweupe kama leso. Nyuma yake nikasikia wengine, ambao sikuwa nimewaona, wakitimua mbio. Tangu hapo nilikaa pembeni, upande ambao upepo unaelekea, na kwenye miteremko nilizingatia kwamba hewa hupanda jua likishika na hushuka jioni.

Mtembezi wa Kwale

Mimi hubeba kamera tu. Huko Tsavo, reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 imepita juu ya tuta refu lenye ua, na ndovu wamejifunza kutumia mapito yaliyoachwa chini yake. Hiyo ni njia nyembamba iliyojengwa na watu, lakini mnyama huitumia vile vile. Kwa upande wetu wa Shimba Hills, ambako palahala, aina ya swala wakubwa, bado wapo na hawapatikani kwingine nchini, nimepata picha zangu bora mahali ambapo vipande viwili vya msitu vinakaribiana na nyasi za kati kuwa chache.

Mwaka jana, nje ya hifadhi, nilitumia hesabu hiyo hiyo ya kufuta pasipopitika, nikafika kwenye upenyo kati ya korongo na shamba la mihogo, nikiwa na hakika kwamba nimeugundua mimi. Kwenye shina la kushoto, usawa wa goti, palikuwa na kitanzi cha waya, na gome lilikuwa limelika kwa mikazo ya zamani. Niliufungua, nikawapelekea askari wa wanyamapori. Aliyeutega aliisoma ardhi ile kabla yangu, tena kwa muda mrefu.