Porter wa mlimani na porter wa getini, ni neno moja kweli?

Mgumu_Soweto: Wakuu habari za jioni. Niko hapa Moshi napiga upagazi mlima Kilimanjaro huku najisomea kingereza nije nipate leseni ya kuongoza watalii. Juzi tumeteremkia geti la Mweka na mgeni mmoja wa Uingereza akaniambia chuoni kwao Cambridge porter ndo anakaa getini, anatunza funguo na barua za watu. Halafu kuna baa nimeona porter ni bia. Sasa hili neno ni moja au yamefanana tu? Nataka nikiulizwa nijibu kitu cha uhakika

Ticha wa Pasua: Mdogo wangu, hayo ni mawili. Yote ya Kilatini yakapitia Kifaransa. Wa kubeba katokea portare, yaani kubeba, ukoo mmoja na import, export, transport. Wa getini katokea porta, yaani lango. Waingereza walivyoyachukua yakaishia kuandikwa sawa. Yule anayesukuma wagonjwa hospitali za kwao naye wanamwita porter, huyo ni wa kubeba.

Baba Marangu: Niongezee ya bia. London miaka ya 1700 mapota walikuwa wengi, wa mitaani na wa kushusha mizigo ya meli mto Thames, wakaipenda sana bia moja nyeusi nzito mpaka ikachukua jina lao. Ile kali zaidi ikawa stout porter, baadae watu wakakata wakabaki na stout, ndo hiyo hiyo unayoikuta kwenye grosari hapa tauni. Mi hii inanigusa jamani, nimebeba sana, kilo 20 kichwani na begi langu mgongoni, pale ukuta wa Barranco mkono mmoja umeshika mwamba, mwingine umeshika mzigo na wageni wanataka kupita, halafu kumbe kuna wapagazi wenzetu jina lao liko kwenye chupa dunia nzima!

Dada_Ngarenaro: Na Marekani msiisahau. Mapota wa treni za kulala za kampuni ya Pullman walikuwa watu weusi, abiria wengi wakiwaita wote George, jina la mwenye kampuni, kama hawana ya kwao. 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakakomaa mpaka 1937 kampuni ikasaini mkataba. Kwa hiyo kaka zangu mgeni akikuita porter mtajie jina lako siku ya kwanza kabisa, na aliseme.

Mgumu_Soweto: Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Ticha, na airport ni ya kubeba au ya lango?

Ticha wa Pasua: Ya bandari hiyo, portus.