Dripu ya kingamwili ya Ebola, braza wangu dereva anaipataje?

Mwana_Ngamiani: Wakuu habari za mchana. Braza wangu anaendesha semi, anapakia bandarini hapa Tanga anapeleka mzigo Lubumbashi, kila akiondoka mama halali. Juzi kwenye kahawa mzee mmoja kasema Ebola siku hizi ina dripu ya kingamwili (wale askari wa mwili wanaokamata virusi), unatundikiwa mara moja tu basi, ila eti ya wakubwa hiyo, sie kina yakhe tutaisikia tu. Kweli? Kama inauzwa tuchange akae nayo kwenye gari. Na ile Marburg ya Bukoba 2023 inaitibu?

Sista_Mkwakwani: Pole kaka, msalimie mama. Ipo, tena ziko mbili, Inmazeb na Ebanga, Marekani walizipitisha 2020, WHO wakazipendekeza 2022. Hiyo Ebanga chanzo chake damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit 1995, yani Wakongo wenyewe ndo chimbuko. Dozi ni moja tu, kiasi chake kinapimwa kwa kilo za mgonjwa, hata kichanga aliyezaliwa na mama mgonjwa anapewa. Ila ya kuweka kwenye gari futa kabisa 😂 inakaa kwenye friji na anatundikiwa mtu aliyepimwa akakutwa nayo. Halafu ni ya Ebola ya aina ya Zaire tu, ile aina ya Sudan iliyopiga Uganda 2022 haimo, Marburg ndo kabisaa.

Jembe_Halina_Mpini: Si za majaribio hizo? Waafrika tunafanywa panya tu.

Dau_la_Bagamoyo: Majaribio yaliisha zamani mkuu. Kongo, Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, dawa nne zilishindanishwa, wagonjwa 681, wakasimamisha maana hizi mbili zilishajionyesha: waliopewa ZMapp, mojawapo ya zile nne, walikufa karibu nusu, hizi karibu theluthi, na kwa waliopewa hizi mbili virusi vikiwa bado vichache mwilini alikufa kama mmoja kwa kumi tu. Kuhusu panya, chanjo ya malaria RTS,S ilijaribiwa hapa Bagamoyo na huko kwenu Korogwe, mtoto wa dada yangu alikuwemo, fomu tulisomewa mstari kwa mstari mpaka bibi akasinzia. Panya nani anamsomea fomu?

Mwana_Ngamiani: Kumbe mchezo wote ni kuwahi. Sasa braza ni mtu wa panadol, homa anaendesha nayo hivyo hivyo, anaogopa kuwekwa karantini gari la tajiri libaki barabarani.

Utingo_Mstaafu: Hapo ndo penyewe dogo. Sie tulikuwa tukikaribia mpaka tunameza panadol mbili na maji ya baridi ili kile kibunduki cha kupimia joto kisipige kelele, tukipita tunacheka. Ujinga mtupu, kama ningekuwa nayo kweli ningefika nyumbani nimeshachelewa dripu na nimewagawia wanangu. Mama nae asijitese, Lubumbashi na Beni, kule mashariki ya Kongo kulikokuwa na ule mlipuko wa 2018, ni mbali kuliko Tanga na Mwanza. Ila braza akirudi, ndani ya siku 21 akipata homa asikimbilie zahanati kubanana na watu kwenye benchi, apige 199 kwanza, bure, aseme katoka Kongo.

Mwana_Ngamiani: Nimemsomea mama yote, anauliza hiyo 199 usiku wanapokea?