Ulinganisho: mpepeso wa taa kwenye picha ya kamera ndani ya miwani ya kichwani. Shata ya ms 10, kufuata umeme, kubadili taa au programu?

NjiroKarakana

Wakuu, naomba tulinganishe njia. Ni ukumbi wa mafunzo ya ufundi, Njiro, Arusha. Mvaaji wa miwani haoni chumba kwa macho yake; anaona picha ya kamera mbili zilizofungwa mbele, moja kwa kila jicho. Kamera ni za USB, 1280 × 800, fremu 60 kwa sekunde, za aina inayofungua kihisi chote kwa pamoja. Skrini ya miwani inakwenda 90 Hz. Darini kuna tyubu nane za choki na stata (taa ndefu za mtindo wa zamani), na juu ya meza balbu kadhaa za LED za bei ya chini. Ukiangalia kwa macho, taa zimetulia. Ukivaa miwani, chumba kizima kinapepesa.

Shata, yaani muda ambao kihisi hupokea mwanga kwa kila fremu, iko ms (milisekunde) 2, ili picha isiburuzike mtu anapogeuza kichwa. Ninazofikiria ni hizi:

A. Kurefusha shata hadi ms 10
B. Kuifanya kamera ifuate umeme
C. Kubadili taa
D. Kusahihisha kwa programu

Ipi ianze?

---

Mkondo50

Mkuu, tuanze na chanzo. Umeme wetu ni 50 Hz, na taa hung'aa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Kamera ya fremu 60 haitoshi kuufuata mwendo huo. Inachotoa ni tofauti kati ya 100 na 120 (mara mbili ya 60, kizidisho kilicho karibu zaidi), mpepeso wa 20 Hz ambao jicho linauona waziwazi. Ukipandisha hadi fremu 90 unapata 10 Hz, fremu 72 zinatoa 28 Hz, na fremu 30 zinakurudisha kwenye 10 Hz. Kwa hiyo kuongeza kasi ya kamera peke yake si dawa.

Na tusilichukulie kama suala la urembo wa picha. Wenye kifafa kinachochochewa na mwanga huathirika zaidi kati ya 15 na 25 Hz, na wewe uko 20 kamili, kwenye skrini iliyojaza macho yote mawili. Mpaka utakapotatua, usimvalishe mwanafunzi.

Njia A inafanya kazi kwa sababu ms 10 ni wimbi moja zima la taa: kila fremu inakusanya kilele kimoja na bonde moja, popote ilipoanzia. Kwa taa ya 100 Hz, sehemu ya mpepeso inayobaki kwenye picha ni hii:

ms 2: asilimia 94
ms 5: asilimia 64
ms 8: asilimia 23
ms 8.33: asilimia 19
ms 10: sifuri

Angalia ms 8.33. Hiyo ndiyo shata ya nchi za 60 Hz. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa hivyo, mtu anawasha kinga ya mpepeso, anaona imepungua kidogo, anahitimisha kwamba kamera ni mbovu. Kamera ni nzima, imepangwa kwa umeme wa nchi nyingine.

Kwenye Linux fuata mpangilio huu, maana ukiandika muda wa shata kabla ya kuzima otomatiki, amri inaweza kukataliwa:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 -c auto_exposure=1`
`v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_time_absolute=100`

Kipimo ni vipande vya ms 0.1, hivyo 100 ni ms 10. Ukibaki na otomatiki, weka `power_line_frequency=1` (1 ni 50 Hz, 2 ni 60 Hz) na `exposure_dynamic_framerate=0`, la sivyo kamera itapunguza fremu gizani bila kukuuliza. Kisha soma thamani uliyoandika, kwa sababu baadhi ya kamera huizungusha hadi ngazi yao ya karibu. Kwenye Windows, programu nyingi hutumia ngazi za kugawa kwa mbili: -7 ni ms 7.8 na -6 ni ms 15.6. Ms 10 haipo kabisa kwenye ngazi hizo, na hapo utahangaika siku nzima bila kujua kwa nini.

---

LenziRau

Nakubaliana na hesabu, lakini A ina gharama ambayo haijatajwa. Kichwa kikigeuka kwa digrii 100 kwa sekunde, ambayo si kasi kubwa, ndani ya ms 10 kimesogea digrii 1. Miwani yenye pikseli 20 kwa digrii itaonyesha mburuzo wa pikseli 20. Kwa ms 2 ni pikseli 4. Kusoma namba kwenye mita au rangi ya waya huku kichwa kinatembea kutakuwa kazi. Isitoshe, katikati ya shata husogea nyuma kwa ms 4, na huo ni ucheleweshaji unaojumlishwa na mwingine wote.

Kwa ukumbi ulio wako mwenyewe, mimi naanza na C. Ms 10 ni ya mahali ambapo taa si zako.

Ila pima kwanza. Chukua simu, fungua kamera kwa mpangilio wa mkono, weka shata 1/2000 au fupi zaidi, elekeza ukuta mweupe ulio chini ya taa moja tu. Mistari ya giza na mwanga ikitokea, taa hiyo inapepesa. Ukitaka namba, weka fotodayodi (kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme) ya BPW34 na rezista ya kΩ 10, usome mawimbi kwa osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la umeme): (juu kabisa toa chini kabisa) gawanya kwa (juu jumlisha chini). Tyubu za choki mara nyingi huwa kati ya asilimia 25 na 40. LED isiyo na kapasita ya maana (kipande kinachosawazisha umeme) hukaribia 100. Mwongozo wa IEEE 1789 wa 2015, wa shirika la wahandisi wa umeme, unaweka asilimia 8 kuwa mpaka wa hatari ndogo kwa 100 Hz. Chini ya 3.3 ni salama zaidi. Hizo ni kwa macho yanayotazama taa yenyewe, lakini kwa kamera pia ni lengo zuri.

Za kununua: paneli za LED zenye draiva (kifaa kinacholisha taa umeme) ya nje ya mkondo usiobadilika, au kwa tyubu, balasti ya kielektroniki, inayochukua nafasi ya choki na huwasha tyubu kwa masafa ya zaidi ya 20 kHz. Nenda dukani na simu yako, omba taa iwashwe, piga ukuta. Maandishi ya kwenye boksi hayatoshi. Na usiweke dima (swichi ya kupunguza mwanga): nyingi hupunguza mwanga kwa kukatakata umeme, utakuwa umetoa mpepeso mmoja na kuleta mwingine wenye masafa usiyoyajua.

---

FeziTatu

Kabla hujanunua chochote, fungua ubao wa umeme. Kama jengo lina fezi tatu, gawa tyubu zako: ya kwanza fezi nyekundu, ya pili njano, ya tatu bluu, halafu urudie. Mabonde ya fezi moja yanajazwa na vilele vya nyingine mbili. Mafundi wa karakana zenye mashine za kukereza wanaijua siku nyingi, kwa sababu chini ya tyubu za fezi moja mashine inayozunguka inaweza kuonekana imesimama. Gharama ni waya na swichi.

Mipaka yake: inafaa pale tu ambapo mwanga wa fezi zote tatu unachanganyika. Meza iliyo chini ya tyubu moja itabaki inapepesa. Na tyubu nane hazigawanyiki kwa tatu, ongeza moja. Kazi hii aifanye fundi mwenye leseni, maana kati ya fezi na fezi kuna volti 400.

---

KihisiMoshi

Niongeze B na D, kisha suala la umeme kukatika.

B: transfoma ndogo ya 230 kwenda 6 V, optokapla ya PC817 (hupitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha waya), na kidhibiti kidogo kama ESP32. Kinasoma pale wimbi linapovuka sifuri na kutoa pigo la 3.3 V kwenye pini ya kichochezi (inayoiamuru kamera ipige fremu) ya kamera zote mbili, mara 50 au 100 kwa sekunde. Kila fremu inapigwa wakati uleule wa wimbi, kwa hiyo unabaki na ms 2 na mwanga haubadiliki. Chelewesha pigo hadi shata iangukie kwenye kilele cha taa, upate mwanga mwingi zaidi. Kamera zako zinafungua kihisi chote pamoja, kwa hiyo zinafaa kama zina pini hiyo. Zinazosoma mstari kwa mstari zitaonyesha mikanda iliyosimama.

Tatizo liko kwenye skrini yako ya 90 Hz: fremu 100 zikiingia, 10 zinatupwa kila sekunde na mwendo unakwaruza. Fremu 50 ni mbaya zaidi. B inakaa vizuri kwenye miwani inayoweza 100 Hz. Apple Vision Pro ya 2024, kwa mfano, ina 90, 96 na 100.

Hata usipochagua B, chochea kamera zote mbili kwa waya mmoja. Tofauti ya ms 5 kati yake ni nusu ya wimbi: jicho la kushoto linapata kilele, la kulia linapata bonde. Kichwa kitauma haraka kuliko mpepeso wenyewe.

D: kwa fremu 60 na taa ya 100 Hz, mpangilio hujirudia kila fremu 3. Chukua wastani wa mwanga wa fremu 3 za mwisho, ugawe kwa wastani wa fremu ya sasa, uzidishe pikseli kwa jibu hilo. Usichanganye picha zenyewe, utapata mizimu, yaani vivuli vya fremu zilizopita. Fanya kabla ya gama (hatua inayopinda viwango vya mwanga ili viendane na skrini), na funga kizidishi kati ya 0.7 na 1.4, vinginevyo mtu akitazama dirishani programu itadhani ni mpepeso. Pikseli iliyoungua kuwa nyeupe hairudi. Kwa fremu 90 mpangilio hujirudia kila fremu 9, na hapo mwendo wa kichwa unaharibu hesabu. Mimi D naiweka mwisho.

Jenereta ndogo bila mzigo inaweza kwenda 52 Hz. Shata ya ms 10 hapo inaacha takriban asilimia 4 ya mpepeso: kwa taa ya asilimia 40, ni 1.6 kwenye picha, inavumilika. Inveta haikuondolei tatizo, balbu za AC bado zinapepesa kwa 100 Hz. Balbu za DC za volti 12 zilizo moja kwa moja kwenye betri ya sola hazina mpepeso huo kabisa, isipokuwa zile zenye dima ndani.

---

NjiroKarakana

Asanteni. Ubao una fezi tatu, na kamera zina pini ya kichochezi. Madirisha ni makubwa upande wa Meru. Mchana wa jua, kamera kwenye ms 10 si itaungua?

---

Mkondo50

Itaungua, na shata ikiwa kwenye otomatiki, kamera itaifupisha chini ya ms 10 na mpepeso utarudi, karibu na dirisha tu, hadi mtu adhani ni hitilafu nyingine. Weka filta ya ND4 (kioo cha kijivu cha kupunguza mwanga) mbele ya lenzi zote mbili. Inapitisha robo ya mwanga. Jioni utalipa kwa chengachenga, kwa hiyo iwe ya kuvuliwa. Nje kabisa huihitaji: jua halipepesi, acha shata iwe fupi.

Otomatiki ikibaki, ipe angalau nusu sekunde ya kubadilika. Ikiwa haraka zaidi, itaanza kuufukuza mpepeso wa 20 Hz na kuongeza wa kwake.

---

LenziRau

Basi kwako, mkuu: leo ms 10 na waya mmoja wa kichochezi. Wiki hii fezi tatu na tyubu ya tisa. Balbu za juu ya meza zitoke zote, hizo ndizo mbaya kuliko zote ulizotaja. Kisha pima tena kwa BPW34 ukiwa kwenye kila meza, si katikati ya chumba. Meza itakayosoma chini ya asilimia 8, anza kushusha shata kuelekea ms 4 huku ukitazama ndani ya miwani. Itakayozidi, iwekee paneli yake yenye draiva ya mkondo usiobadilika.