Tupeane uzoefu: kumzungusha mgeni Bagamoyo kwa miguu kabla hajarudi kwao

Mwanzisha mada
Habari za humu ndani. Mnaoishi na vijana wa kujitolea mnalijua hili: mgeni anashinda shuleni au zahanati miezi yote, wiki ya kuondoka ndiyo anakumbuka hajafika hata kwenye magofu ya Kaole. Mnaowatembeza, wekeni hapa njia, saa, maji kiasi gani, na wapi watu hukwama. Zile za "kuna mzungu mmoja nilimpeleka" tuziache, tunataka vya kufanyia kazi.

Kijana wa Dunda
Kwanza gawa siku mbili. Kaole iko kusini, kilomita 5 hivi kutoka mjini, na Misheni, ile ya zamani ya Wakatoliki, iko upande wa kaskazini. Ukizibana siku moja, jua la saa sita linawakuta katikati na mgeni hana hamu tena.

Kaole iwe ya kwanza. Tokeni saa 12 na nusu asubuhi, ni mwendo wa saa moja na robo kwa hatua za mgeni anayesimama kupiga picha. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, maana njiani maduka si ya kutegemea. Kurudi pandeni bodaboda, na bei ipatanwe kabla hamjakaa.

Baharia Mstaafu
Kijana, umesema vyema ila umeiruka bahari. Saa 12 na nusu hiyo ni kwa njia ya barabara. Anayetaka kupita ufukweni aangalie mwezi kwanza.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hupwa kabisa kwenye saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Alfajiri yanakuwa yamejaa mpaka ndani ya mikoko, na saa 12 na nusu bado hayajatoka vya kutosha. Mtafika kwenye mikoko mkute njia haipo, mzunguke kwenye tope. Siku hizo nendeni kwa barabara, ufukweni mrudi maji yakiwa nje. Na kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya juzi usimpe mgeni wa leo. Maji mafu, siku za mwezi nusu, hayana shida sana, bahari haipandi mbali.

Mama Vitumbua
Shikamoo Baharia. Naongeza: ufukweni msipite wawili wawili na simu mkononi. Nendeni kundi, awepo na mwenyeji. Wadada wabebe kanga, ya kujifunga wakifika misikitini na makaburini. Chai wanywe kabla ya kutoka, wasisubiri kurudi.

Mchimba Kale
Nyie wote mmemfikisha mgeni Kaole mkamwacha getini 😀

Pale kuna magofu ya misikiti miwili, mkongwe ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Matumbawe yana makali: kandambili hukatika gidamu, viatu vya kufunga ndivyo. Kuta zisipandwe. Chokaa ya zamani ikishanyonya mvua, jiwe linatoka kwa mguu mmoja tu. Kosa jingine la wageni ni vigae vya vyungu vilivyolala chini. Wanaokota kimoja cha ukumbusho, kumbe Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda. Waambie mapema, kabla hakijaingia mfukoni.

Kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Lipeni rasmi, risiti mkae nayo.

Kijana wa Dunda
Marahaba ya elimu mkuu. Siku ya pili basi: anzieni Ngome Kongwe, ya 1860, mfuate Mtaa wa India kuelekea kaskazini. Tembeeni taratibu hapo, milango ya nakshi inataka jua la ubavuni, la kabla ya saa 3. Boma la Wajerumani dakika kumi kwa nje zinatosha kwa maoni yangu. Muda uliobaki upelekeni Misheni, iliyoanzishwa 1868. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza, uliletwa hapo Februari 1874, watumishi wake akina Susi na Chuma wakiwa wameubeba toka bara. Makumbusho yake yapewe saa nzima. Jumapili subirini misa iishe.

Soko la samaki mliache la mwisho, na kupiga picha sura za watu ni kwa ruhusa.

Mpanga Mizigo
Mimi ni wa upande wa begi. Wengi hununua ngoma. Yenye ngozi ya mnyama, hasa ikiwa na manyoya, ina kesi kwa anayerudi Australia au New Zealand: lazima aitangaze, na inaweza kuzuiwa. Vinyago navyo hutangazwa. Chagueni vilivyokauka, visivyo na magome ya mti wala matundu ya wadudu. Kombe na matumbawe viacheni baharini.

Shilingi zilizobaki zibadilishwe hapa hapa, nje hazina mnunuzi. Kama ndege ni ya usiku, tokeni Bagamoyo saa 7 mchana isizidi. Umbali si tatizo, tatizo ni foleni kuanzia Tegeta, mkiingia Dar.